Mwongozo kamili: kumaliza riwaya ndefu kabla mwezi wa Idi haujaandama

Idi ikishapita, vitabu vyangu huanza kurudi nyumbani. Vinarudi na alama ndani yake: risiti ya duka ukurasa wa 60, uzi wa fundi cherehani ukurasa wa 85, njiti ya kiberiti ukurasa wa 112. Wanaovirudisha ni watu wanaopenda kusoma na waliviazima kwa hamu. Wakifika mlangoni husema maneno yale yale: "Mwalimu, maandalizi yalinizidi."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno hapa Mtwara. Na mimi niliyasema miaka miwili mfululizo, mpaka mwaka wa tatu nilipofika ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo naandika hatua zote nilizopitia, kila moja na sababu yake.

Mfano wangu ni riwaya moja: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ya Aniceti Kitereza, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ina kurasa zaidi ya 600. Ndiyo inayoazimwa sana kwangu na ndiyo inayorudi haijaisha kuliko zote. Ukiwa na riwaya nyingine ndefu, hatua ni hizi hizi. Badilisha hesabu tu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kitabu cha karatasi. Simu inaweza kubeba kitabu, lakini imebeba pia kundi la WhatsApp la michango ya nguo za Idi, na kundi hilo halilali.
- Daftari dogo la shule.
- Penseli. Kalamu ya wino iache, hasa kama kitabu ni cha kuazima.
- Kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, kwa ajili ya jalada.
- Vipande viwili vya kitenge, upana wa vidole viwili. Fundi wako anavyo vingi sakafuni, omba.
- Mfuko wa kitambaa wenye mkanda wa begani.
- Taa ya kuchaji, au tochi ya kuvaa kichwani. Miaka hii Ramadhani inaangukia mvua zetu, na mvua ikishika umeme nao huondoka.

Kitabu kitafute mapema kuliko vyote. Anza na maktaba ya mkoa, iwe ya Mtwara au ya Lindi. Uliza unaruhusiwa kukaa nacho muda gani na kama wanaongeza siku. Wakiwa hawana, mwagize ndugu aliye Dar es Salaam akutumie kwa basi. Basi linafika siku ile ile. Kinachochelewa ni ndugu kupata nafasi ya kupita dukani. Mpe wiki mbili.

## Hatua ya 1: Anza tarehe 20 Shaabani, usingoje Ramadhani

Wengi huanza mwezi 1 Ramadhani kwa sababu ni tarehe nzuri ya kuanzia jambo. Lakini siku hiyo mwili unazoea kufunga, jiko linabadilisha saa zake, na msahafu unafunguliwa upya. Riwaya inayoanza siku hiyo inaanza ikiwa ya nne kwenye foleni.

Siku 10 za mwisho za Shaabani zina nafasi. Ndizo siku za vunja jungu, watu wanakula na kutembeleana, na maandalizi ya Idi bado ni maneno tu. Ukiingia Ramadhani umeshazoeana na watu wa ndani ya kitabu, watakuita wenyewe. Ukiingia bado unajifunza majina yao, utawasahau.

Ndugu zetu wa Masasi na Ndanda wanaojiandaa na Krismasi waanze tarehe 15 Novemba. Siku 30 zitaishia tarehe 14 Desemba, na zitabaki siku 10 za akiba kabla ya Krismasi yenyewe. Wenye mikorosho wanajua kwamba miezi hiyo ni ya kuokota na kupeleka ghalani, kwa hiyo akiba hiyo wataihitaji.

Dalili ya kufaulu: jioni ya tarehe 20 Shaabani kitabu kimo mkononi na umesoma angalau kurasa 5. Kama bado kiko kwenye basi, sogeza tarehe leo leo, kwa maandishi.

## Hatua ya 2: Kigawe kama unavyogawa msahafu

Msahafu wa chapa ya Madina, ule uliojaa misikitini kwetu, una kurasa 604. Kila Ramadhani watu wa mji huu wanauhitimu ndani ya mwezi: mafundi, mama wauza samaki, wanafunzi wa sekondari. Wanasoma juzuu moja kwa siku, karibu kurasa 20. Hakuna anayesema kurasa 604 hazisomeki. Watu hao hao wakishika riwaya ya kurasa 600 wanasema ni ndefu mno.

Msahafu una heshima yake na wakati wake, na riwaya haiugusi. Ninachoazima ni ugawaji. Kurasa 600 kwa siku 30 ni kurasa 20 kwa siku. Kuanzia tarehe 20 Shaabani, siku 10 za kwanza zinakupa kurasa 200. Kumi la kwanza la Ramadhani linakupa 200, kumi la pili 200 tena. Kumi la mwisho halina hata ukurasa mmoja kwenye ratiba. Ni la ibada, la mapishi, na la kulipia siku zilizokuponyoka.

Kabla hujakubali hesabu hii jipime. Tazama saa, soma kurasa 5 kwa mwendo wako wa kawaida, tazama saa tena. Mimi hutumia kama dakika 13. Maana yake kurasa 20 ni chini ya saa moja, ikiwa imekatwa vipande vinne. Ukiona unatumia dakika 20, usijilazimishe kukimbia. Anza Shaabani 10 na ujipe kurasa 15 kwa siku.

Onyo: usiseme "nitasoma nikipata nafasi". Katika nyumba inayojiandaa na Idi nafasi haipatikani, inatengwa.

## Hatua ya 3: Kivalishe kitabu na kipigie alama

Kata kalenda, weka upande mweupe nje, kunja kama unavyolivalisha daftari la mtoto. Kitabu hiki kitakaa karibu na unga, nazi na mikono yenye hina. Jalada la karatasi ngumu litabeba madoa yote hayo kwa niaba yake.

Kisha kaa na penseli na upige vituo 30. Usikate kila baada ya kurasa 20 kamili. Fika karibu na ukurasa wa 20, tafuta mahali mazungumzo yanapoishia au mtu anapoondoka nyumbani, na hapo ndipo uweke nukta ndogo pembeni. Ukiishia katikati ya maneno ya mtu, kesho utahitaji kurudi nyuma kurasa mbili ili ujue nani alikuwa anasema, na kurasa mbili kila siku ni kurasa 60 kwa mwezi. Kitabu kikiwa cha maktaba, andika namba za kurasa hizo daftarini badala ya kukichora.

Kipande kimoja cha kitenge kiweke ulipofika. Cha pili kiweke kwenye kituo cha leo. Macho yakiona umbali kati ya vitambaa viwili, moyo unatulia. Hauoni kurasa 600, unaona unene wa kanga iliyokunjwa.

Onyo kuhusu mvua: mwaka wangu wa pili niliacha kitabu dirishani usiku mmoja wa mvua, asubuhi kikawa kizito kama mkate uliolowa. Nilikianika juani. Kurasa zikakunjamana, nyingine zikashikana na kuchanika nilipozitenganisha, na safari yangu ya mwaka huo ikaishia pale. Kikilowa, kisimamishe kivulini penye upepo, tia karatasi kavu kila baada ya kurasa chache, zibadilishe zikilowa, na kikikaribia kukauka kilaze chini ya kitu kizito. Kitachukua siku kadhaa na kitasomeka.

## Hatua ya 4: Kurasa 50 za mwanzo, nenda polepole na uandike ukoo

Hapa ndipo alama nyingi huishia. Sababu ni majina. Msomaji wa kwetu akikutana na Myombekere, Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ulimi unajikwaa, kwa sababu ni majina ya Ukerewe, kisiwa cha upande mwingine wa nchi. Akikutana na wakwe na jamaa zao, anaanza kuruka majina. Akiruka majina matano, hadithi imemtoka.

Fungua daftari. Katikati andika mume na mke. Kulia andika watu wa mume, kushoto watu wa mke. Kila anapotokea mtu mpya, mwandike upande wake, na mbele yake neno moja la kumkumbukia: "mkwe", "mganga", "jirani". Yatamke majina kwa sauti mara tatu, silabi kwa silabi: Ntu-la-na-lwo. Ulimi ukishazoea, macho hayasimami tena.

Jambo la pili ni maelezo marefu. Kitereza anaeleza maamkizi, kilimo, uvuvi na utengenezaji wa pombe ya ndizi hatua kwa hatua. Msomaji mwenye haraka anaona anacheleweshwa. Ninamsihi asiruke. Wazazi wa Bugonoka wamemchukua binti yao kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume, na mume akitaka kumrudisha mke wake lazima apeleke pombe ukweni. Kila ndizi inayomenywa hapo ni hatua ya kumrudia mkewe. Ukiruka pombe, umeruka mapenzi yake. Mtu wa Newala aliyewahi kuona mabibo yakikamuliwa ataelewa haraka: kazi ya mikono ikielezwa polepole, unamwona anayeifanya.

Neno usilolijua lipigie mstari, soma mbele kidogo. Mara nyingi sentensi ya tatu inalifungua. Likikataa, liandike daftarini na uendelee.

Onyo: usitafute muhtasari wala uchambuzi wa shule. Ukishajua mwisho kabla ya ukurasa wa 50, maandalizi yatashinda siku ya kwanza ya kufua mapazia.

Dalili ya kufaulu: ukifunga kitabu ukurasa wa 50, unaweza kumweleza mtu nani amemkosea nani, bila kutazama daftari.

## Hatua ya 5: Jua ni kazi zipi zinabeba kitabu

Maandalizi ya Idi yana saa nyingi za kungojea kuliko tunavyokiri. Tunazimaliza kwa simu na maneno. Kazi yako ni kuzijua.

Kwa fundi cherehani peke yake, kuanzia kumi la kwanza, nimesoma vituo vingi kuliko mahali pengine popote. Anakwambia "kaa hapo, namalizia mkono", na mkono unachukua nusu saa. Kwenye mashine ya kusaga ni vivyo hivyo, na kwenye benchi la kungojea kivuko cha Msangamkuu. Kitabu kikae ndani ya mfuko wa begani kila unapotoka, hata ukienda kununua hiliki tu. Siku utakayokiacha ndiyo siku foleni itakuwa ndefu.

Kusukwa nywele kunabeba kitabu vizuri mno. Kichwa kinavutwa lakini mikono iko huru. Weka mto mapajani, kitabu juu yake, na umwombe msusi akuinamishe mbele. Hina ya miguuni nayo inakupa muda mrefu wa kukaa bila kunyanyuka. Hina ya mikononi haiwezekani, hapo mpe mtoto akusomee.

Mkate wa kumimina ni rafiki wa msomaji. Ukishamimina na kufunika, makaa machache chini na mengi juu, hutakiwi kufunua ovyo. Nimejizoesha kuutumia ukurasa kama saa: nasoma kurasa 5, nanyanyua mfuniko kwa koleo, natazama ukingo kama umeanza kuachana na sufuria. Kama bado, kurasa 3 nyingine. Mbaazi na maharage ni hivyo hivyo, mradi umeshatia maji ya kutosha.

Kazi zisizobeba kitabu ni hizi: kukaanga chochote, kukuna nazi, kutia visheti shira, kupaka chokaa. Shira inageuka wakati unamalizia sentensi. Na kuhusu mafuta ya moto nawaomba mniamini. Niliwahi kukaanga vitumbua kitabu kikiwa pajani, kikateleza, nikakidaka kwa mkono ulioshika uma. Kovu lipo kifundoni mpaka leo, na mtoto alikuwa amesimama hatua mbili kutoka karai.

Kwa siku ya kawaida mimi hugawa hivi: kurasa 5 asubuhi watoto wakishaondoka, 5 kwenye foleni yoyote ile, 5 alasiri jikoni, na 5 usiku baada ya tarawehe, ndani ya chandarua kwa tochi ya kichwani. Wala siyo sheria. Siku nyingine foleni hula 15.

Dalili ya kufaulu: unaanza kukasirika fundi anapokuita mapema.

## Hatua ya 6: Someni kwa sauti jikoni

Kama una muda wa kufuata hatua moja tu katika mwongozo huu, fuata hii. Ndiyo iliyonifikisha.

Mwaka wa tatu nilikuwa nyuma. Tulikaa uani alasiri, watu wanne juu ya mkeka, tunachambua mchele wa Idi kwenye nyungo. Wifi yangu alikuwa ameshachoka mgongo, akaegemea ukuta na kukichukua kitabu changu. Nikamwomba asome nilipoishia, kwa sauti. Alikuwa anasoma safari ya Myombekere kwenda ukweni.

Mama mkubwa, aliyekuja kutoka Mikindani kutusaidia, alikuwa kimya muda wote. Kisha akasimamisha ungo.

"Hebu rudi nyuma mwanangu. Walipokuja kumchukua binti yao, huyo bwana alisemaje?"

Wifi akarudia.

"Basi kosa si lake peke yake. Ni la ndugu zake, na mdomo." Akarusha chuya pembeni. "Lakini amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Wa siku hizi wanatuma ujumbe wa simu."

Hapo maneno yakawaka. Mmoja akasema mke asingekubali kuondoka. Mwingine akasema wazazi wana haki, binti yao ametukanwa kwa kukosa mtoto. Mchele ukaisha, kurasa 11 zikawa zimesomwa, na hakuna aliyeona kazi. Kesho yake kabla hata ya adhana ya alasiri, mama mkubwa alikuwa mlangoni na ungo wake.

"Tulimwacha bwana njiani. Amefika?"

Toka siku hiyo sikuwa na njia ya kuacha kusoma. Mtu akikungoja, kitabu kinasonga.

Namna ya kuifanya vizuri:

Msomaji akae kivulini, mgongo kwa mwanga, na asiwe na kazi nyingine mikononi. Abadilishwe kila baada ya kurasa 4 au 5, maana koo la mtu aliyefunga hukauka haraka. Mwenye koo kavu asilazimishwe.

Anza kila siku kwa kuuliza, "Tuliishia wapi?" Mwache asiyejua kusoma vizuri ajibu kwanza. Mara nyingi ndiye anayekumbuka kuliko wote, na jibu lake ndilo marudio ya wote.

Wakitaka kubishana, waache. Funga kitabu kwa kidole. Mabishano si muda uliopotea. Jina lililobishaniwa halisahauliki, na huna haja tena ya kulitafuta daftarini.

Kazi zinazofaa ni za mikono iliyotulia: kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu, kubangua korosho zilizokwisha kuchomwa, kupanga vyombo vya kabatini. Mashine ya kusagia viungo ikiwashwa, simamisheni.

Onyo: riwaya hii inazungumzia uzazi na tiba zake waziwazi. Pitia kituo cha kesho peke yako usiku. Ukiona pana kurasa zisizofaa mbele ya mkwe au watoto, hasa mchana wa Ramadhani, zisome mwenyewe na uwasimulie wenzako kilichotokea kwa maneno ya adabu. Usiwakatie kisa bila maelezo, wataona pengo.

Dalili ya kufaulu: mtu anakuuliza habari za Bugonoka sokoni, mbele ya watu, kama anauliza habari za jirani.

## Hatua ya 7: Siku zikikuponyoka

Zitakuponyoka. Kuna siku ya kupaka rangi, siku ya wageni kushuka stendi na mizigo, siku ya mtoto kuumwa. Ukipata msiba, weka kitabu chini bila hesabu yoyote, kitakungoja.

Kanuni ni moja: usilipe deni la jana juu ya kazi ya leo. Kurasa 40 kwa siku moja zinachosha, za kesho zinakuwa 60, na hapo ndipo kitabu kinarudishwa rafuni. Soma 20 za leo tu. Deni liende kumi la mwisho, ndiyo maana tuliliacha wazi.

Tarehe 10 Ramadhani usiku piga hesabu. Ratiba inasema uko ukurasa wa 400. Tuseme uko 280. Umebakiwa na kurasa 320, na mpaka tarehe 29 una siku 19. Ni kama kurasa 17 kwa siku, chini ya zile 20 ulizoanza nazo. Watu wengi huacha wakiwa katika hali hiyo hiyo kwa sababu hawakukaa kupiga hesabu. Waliona aibu ya kuchelewa wakadhani ni kushindwa.

Ukirudi baada ya siku mbili tatu, usianze moja kwa moja. Soma daftari, kisha kurasa mbili za mwisho ulizosoma, ndipo uendelee.

Kuna pia uchovu wa katikati, na huu hauletwi na kazi za nyumbani. Swali lililokuvuta mwanzoni linapata jibu, na hadithi inahama kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali. Msomaji anahisi kitabu kimeisha wakati bado kinene. Fungua ukurasa mpya daftarini, waandike watoto katikati, uanze ukoo upya kama siku ya kwanza. Jipe siku mbili za kurasa 10 tu. Ukishawajali watoto kama ulivyowajali wazazi, mwendo unarudi wenyewe.

## Hatua ya 8: Kurasa 60 za mwisho

Hizi usizigawe kwenye foleni. Zinahitaji saa mbili na nusu hivi mahali pamoja, kwa sababu majina uliyoyabeba mwezi mzima yanakutana hapo, na ukikatizwa katika kila ukurasa wa tatu utamaliza kwa macho tu.

Omba muda huo siku moja kabla, kwa mtu anayeweza kushika jiko, na useme sababu yake: "Mama mkubwa, kesho asubuhi naomba nibaki na kitabu mpaka adhuhuri, nimalize." Mtu aliyekuwa mkekani hatakukatalia. Simu mwachie yeye. Mimi nilikwenda Shangani, nikakaa kivulini ufukweni maji yakiwa yametoka. Chumbani pia panafaa, ukifunga mlango.

Ukimaliza, andika tarehe daftarini, na chini yake sentensi tatu: nani ulimwonea huruma, nani ulibaki na kinyongo naye, na swali moja ambalo kitabu hakikukujibu. Fanya siku hiyo hiyo. Kesho yake kuna visheti.

Kipimo cha mwisho ni hiki: wakati wa kumenya mihogo ya futari, msimulie mtoto wa nyumbani hadithi yote, bila daftari, mpaka mihogo iishe. Akiuliza "halafu?" na ukawa na jibu kila mara, umesoma kitabu.

Kitabu cha maktaba kirudishe kabla ya Idi, maana baada ya hapo ni ziara na kitasahaulika. Kitabu chako mwazime mtu mwingine, lakini daftari baki nalo. Ukimpa ukoo uliokwisha kuchorwa, umemnyima kurasa zake 50 za mwanzo.

Na kama mlisoma kwa sauti, warudie wenzako wa mkekani na kurasa za mwisho, hata kama wewe umeshazimaliza. Kwetu zilisomwa tarehe 21 Ramadhani, wifi akisoma. Mama mkubwa aliomba kurasa mbili za mwisho zirudiwe. Tukazirudia, kisha tukawasha jiko.